Makande yameshachemka: uongeze mkaa au uupunguze?

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Moshi. Nimelifupisha kidogo tu:

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama lishe, napikia Majengo, huu mwaka wa kumi na nne. Kijana wangu yuko kidato cha tatu, na tangu waanze mada ya joto shuleni, jikoni kwangu hakuna amani. Jumamosi nilikuwa na sufuria kubwa ya makande, imeshachemka, nikaongeza mkaa ili iive haraka maana wateja wa saa sita walikuwa njiani. Akaja akautoa mkaa na koleo, eti naunguza hela, kwamba maji yakishachemka hata niwashe moto wa tanuri hayaongezeki joto. Nikamwuliza, kama hayaongezeki, huo moto wote unakwenda wapi? Akanijibu umejificha. Joto linajifichaje, mwalimu? Halafu anasema maji ya hapa Moshi hayachemki kwa nyuzi 100. Ila shuleni kipimajoto chao kiliposimama kwenye 97 waliambiwa kimeharibika, waandike 100. Nani mkweli?"

Marahaba, mama. Nimelisoma swali lako mara mbili, ya pili nikicheka peke yangu, maana nimefundisha fizikia miaka mingi na sijawahi kuona mwanafunzi akiitumia mada hii kunyang'anya koleo. Nitoe hukumu kwanza, maelezo yafuate. Kuhusu makande, kijana yuko sahihi. Kuhusu zile nyuzi 97, kipimajoto ndicho kilichosema kweli. Na swali lako wewe, moto wote huo unakwenda wapi, ndilo zito kuliko yote. Jibu la "umejificha" si la uongo, ila limekatika njiani. Darasani anavisoma vitu hivi kwa Kiingereza, jikoni anatakiwa avieleze kwa Kiswahili, na katikati hapo mengi humwagika.

Tusimame kwanza mbele ya sufuria yenyewe. Maji ya bomba asubuhi tuseme yana nyuzi 20. Ukishayabandika, kitu cha kwanza kuonekana ni vipovu vidogo vilivyonata ukutani mwa sufuria. Huo si mvuke bado. Ni hewa iliyokuwa imechanganyika na maji, sasa inafukuzwa kwa sababu maji yakipata moto yanashindwa kuibeba. Baadaye sufuria inaanza kuimba. Sauti ile unaijua hata ukiwa umeipa mgongo. Kule chini kabisa, karibu na moto, maji yameanza kugeuka mvuke na kufanya povu. Povu linapanda, linakutana na maji ya juu ambayo bado hayajafika, linapoa na kusinyaa ghafla. Vipovu maelfu vikifa hivyo kila sekunde, ndio wimbo huo. Ukisikia wimbo umekatika na maji yanagugumia kwa sauti nzito, ujue sufuria nzima imefika: povu linalozaliwa chini sasa linatokeza juu likiwa zima.

Kama kungekuwa na kipimajoto ndani, ungekiona kinapanda 30, 50, 80, 95, halafu 97, kisha kinagoma. Mkaa unawaka vilevile, sufuria inapokea joto lilelile kila dakika, zebaki haisogei. Utakaa nusu saa hapo, haisogei.

Hapa kijana wako amekosea neno moja, na usimwachie. Alisema maji "hayaongezeki joto". Joto linaongezeka sana tu. Kisichoongezeka ni halijoto. Kwenye mazungumzo ya kawaida tunayachanganya haya mawili na hakuna anayedhurika, lakini kwenye fizikia ni kama kuchanganya bei na uzito. Joto ni nishati yenyewe inayotoka kwenye mkaa ikaingia kwenye maji, na hupimwa kwa jouli. Halijoto ni jinsi kitu kilivyo cha moto, na hupimwa kwa nyuzi. Kikombe cha chai inayounguza ulimi kina nyuzi nyingi kuliko ndoo ya maji ya kuoga ya vuguvugu, lakini ndoo ndiyo iliyobeba joto kubwa zaidi. Ulizia mkaa uliotumika kuipasha.

Sasa joto linaloingia bila nyuzi kupanda linafanya kazi gani? Umewahi kupukuchua mahindi, najua. Nguvu ya kidole gumba inaishia kwenye kung'oa punje kutoka kwenye gunzi. Punje haikimbii kwa sababu umetumia nguvu. Inakuwa tu imeachana na wenzake, na wewe gumba linauma. Chembe za maji nazo zimeshikana. Kabla ya kuchemka, joto unalotia linazifanya zicheze kwa kasi zaidi, na kasi hiyo ndiyo kipimajoto kinachoisoma. Zikifika kwenye kuchemka, joto linaacha kuongeza kasi na kuanza kupukuchua. Kila chembe inayoondoka kama mvuke imeng'olewa kwa nishati iliyotoka kwenye mkaa wako, na kiasi fulani kimetumika kusukuma hewa ya nje ili mvuke upate nafasi, maana lita moja ya maji ikiwa mvuke hudai nafasi ya zaidi ya lita 1,600. Joto hilo ndilo linaloitwa joto fiche. Halionekani kwenye kipimajoto kwa kuwa halikwenda kwenye kasi, lilikwenda kwenye kuachanisha.

Na kama hela ya kwenye kibubu, halijapotea. Mvuke ukirudi kuwa maji, joto lile lote linarudishwa, jouli kwa jouli. Hapa ndipo mama lishe anapounguzwa, na nitalirudia.

Aliyelitambua jambo hili vizuri ni Joseph Black, mwalimu wa chuo kikuu cha Glasgow, Uskoti, miaka ya 1760. Wakati ule watu walidhani barafu ikishafika kwenye nyuzi za kuyeyukia, joto dogo tu la nyongeza linaigeuza yote kuwa maji. Black akawaza: kama ni hivyo, theluji yote ya milimani ingeyeyuka kwa mkupuo siku ya kwanza ya jua na mafuriko yangebeba nchi. Mbona inachukua wiki? Akaning'iniza chupa mbili za kioo kwenye ukumbi, moja ina barafu, nyingine maji ya baridi karibu sawa na barafu. Maji yalipanda nyuzi 7 za Farenhaiti kwa nusu saa. Barafu ilichukua saa kumi na nusu kuyeyuka na kufika kiwango hichohicho. Ukumbi mmoja, hewa moja, joto linaingia kwa mwendo mmoja. Saa zote hizo joto lilikuwa linaingia kwenye barafu na kipimajoto kimenyamaza. Napenda jaribio hili kuliko mengi yaliyo vitabuni kwa sababu halihitaji zaidi ya chupa, kipimajoto na subira.

Tuje kwenye namba, maana kijana wako ataziomba, na wewe zitakusaidia mfukoni.

Kupandisha kilo moja ya maji kwa nyuzi moja kunahitaji jouli 4,200, yaani kilojouli 4.2. Kuyeyusha kilo moja ya barafu iliyo kwenye nyuzi sifuri kunahitaji kilojouli 334. Kugeuza kilo moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke kunahitaji karibu kilojouli 2,260. Hiyo ya mwisho ni karibu mara saba ya ile ya kuyeyusha, na sababu si ngumu: kwenye kuyeyuka chembe zinalegezwa tu ziweze kuteleza, kwenye mvuke zinang'olewa kabisa.

Chukua sufuria ya lita 5. Kuitoa nyuzi 20 hadi 97 ni 5 mara 4.2 mara 77, unapata kilojouli 1,617. Sasa iache ichemke kwa fujo bila mfuniko mpaka lita moja ipotee hewani. Umetumia kilojouli 2,260. Tazama hizo mbili tena, mama. Lita moja iliyopaa imekula joto kuliko lililochemsha lita zote tano tangu zikiwa za baridi.

Kilo moja ya mkaa mzuri ina karibu kilojouli 30,000, lakini sehemu kubwa inapashia jikoni na ukuta. Tuseme jiko lako linaingiza robo ndani ya sufuria, yaani 7,500. Basi kila lita inayopaa imechukua karibu gramu 300 za mkaa. Hesabu ni lita ngapi za maji unaongezea kwenye makande tangu asubuhi, halafu ukumbuke unavyolipa kwa sado.

Kwa hiyo makande. Kinachoivisha harage si kugugumia kwa maji wala kurukaruka kwa punje. Ni halijoto na muda. Ganda linalainika na wanga unaiva kwa mwendo unaotegemea nyuzi ngapi harage limezungukwa nazo, na nyuzi hizo ni 97 maji yawe yanatokota polepole au yawe yanaruka mpaka jikoni. Moto mkali baada ya kuchemka unakutengenezea mvuke mwingi zaidi, basi. Ukirudisha moto mpaka uone povu linapanda moja moja na mfuniko ukakaa juu, makande yataiva kwa saa zilezile. Ukizidi kuupunguza hadi povu likakoma kabisa, hapo umeshuka chini ya 97 na utachelewa kweli. Kuloweka usiku kucha kutakuokolea muda kuliko mkaa wote utakaoongeza. Magadi nayo yanalainisha, ila hiyo ni kemia na ladha yake kila mtu ana msimamo wake. Mimi siyataki kwenye makande.

Mfuniko una siri ya kibubu. Mvuke unaugonga, unageuka matone, unaacha joto lake pale na matone yanarudi chini. Hautoki na hela yako. Na ukilazimika kuongeza maji, ongeza yaliyokwisha chemka kwenye birika; ya bomba yanaiangusha sufuria nzima nyuzi kadhaa na wewe unaanza upya kupandisha.

Lakini na wewe hukuwa mjinga kupenda moto mkali, kwa hiyo nisikuache umenyamazishwa mbele ya mtoto. Mwanzoni, kabla ya kuchemka, moto mkali ni halali: kila jouli inapandisha nyuzi, na sufuria ikifika mapema inapoteza kidogo pembeni. Kwenye kukaanga pia, kwani mafuta hayasimami kwenye 97. Yanapanda hadi 170, 180 na kuendelea, ndiyo maana andazi linapata rangi na harage la kuchemshwa halipati. Ukitaka mchuzi uwe mzito, unautaka mvuke uondoke, moto mkali na sufuria wazi. Hata hayo makande, kuna dakika moja moto unapogeuka adui: mwishoni, yakishakuwa mazito. Uji mzito hauzunguki. Sehemu iliyo chini kabisa inakaushwa maji, na pale maji yalipokwisha hakuna tena cha kupukuchuliwa, basi joto lote linarudi kupandisha nyuzi, 120, 150, 200. Harufu ya kuungua unayoisikia ni tangazo kwamba maji yaliyokuwa yanailinda sufuria yamekwisha. Ukoko hauzaliwi kwenye 97.

Sasa hiyo 97, ambayo kusema kweli ndiyo iliyoniudhi.

Maji huchemka pale ambapo msukumo wa mvuke wake unalingana na msukumo wa hewa iliyo juu yake. Nyuzi 100 ni kwa usawa wa bahari, Tanga au Dar es Salaam. Sisi hapa mjini tuko mita 800 na ushei juu ya bahari. Hewa iliyo juu yetu ni pungufu, inakandamiza kidogo, kwa hiyo povu linapata ruhusa mapema, karibu nyuzi 97. Arusha, kwenye mita kama 1,400, ni karibu 95. Kwa makadirio ya haraka unapunguza nyuzi moja kila mita 300 unazopanda. Kama una ndugu Arusha anayelalamika kwamba maharage ya kule yana roho ngumu, si maharage. Nyuzi mbili pungufu kwa saa mbili tatu za kupika zinaonekana.

Waulize wapishi wanaopanda na wageni mlima Kilimanjaro. Kambi ya Barafu iko mita 4,600 na ushei, na maji kule yanachemka kwenye nyuzi 84 au 85. Yanaruka, yanatoa mvuke, kila kitu kama kawaida, ila harage linaweza kukaa mchana kutwa ndani likabaki na kiini. Ndiyo maana chakula cha kule ni tambi, wali na supu ya mboga, na anayetaka kupika kigumu hubeba sufuria ya presha. Sufuria ile haina uchawi. Inauziba mvuke, msukumo unapanda, na maji yanalazimika kungoja mpaka karibu nyuzi 120 ndipo yachemke. Kwa biashara ya makande ya kila siku, mama, hesabu bei yake dhidi ya mkaa, sitashangaa ikajilipa.

Kwa hiyo kipimajoto cha shule kiliposimama kwenye 97 kilikuwa kinaipima Moshi, na darasa zima likaamriwa kukanusha. Simlaumu sana mwalimu, vipimajoto vya maabara zetu vimeanguka mara nyingi na vingine kweli ni vibovu. Ila ubovu unapimwa, haudhaniwi. Saga barafu, ijaze kwenye kikombe, iache ianze kuyeyuka, tumbukiza kipimajoto, koroga kidogo. Barafu inayoyeyuka ni nyuzi sifuri Tanga, ni sifuri Moshi, na hata kileleni tofauti haionekani kwa kifaa cha shule, kwa sababu kuyeyuka hakujali sana msukumo wa hewa. Kikisoma sifuri pale, basi 97 yake kwenye maji yanayochemka iamini. Kijana aandike 97 kwenye daftari la jaribio na aeleze sababu. Kwenye karatasi ya mtihani swali likisema maji yanachemka kwa 100, atumie 100. Wametaja usawa wa bahari bila kuutaja.

Kuna mtoto mwingine wa kidato cha tatu aliyewahi kuambiwa amekosea kuona. Mwaka 1963, katika sekondari ya Magamba, Lushoto, Erasto Mpemba alikuwa anatengeneza aiskrimu na wenzake. Nafasi kwenye friji ilikuwa ndogo, akatia maziwa yake yakiwa bado ya moto, na yakaganda kabla ya ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa kabisa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Alipofika sekondari ya Mkwawa, Iringa, akamwuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia aliyewatembelea kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam. Darasa likacheka, Osborne akaenda kupima. Makala yao ilitoka mwaka 1969, na wakati huo Mpemba alikuwa anasoma hapo juu yetu, Chuo cha Wanyamapori Mweka. Wanasayansi mpaka leo wanabishana jambo lile hutokea lini na kwa nini. Hakuna anayebishana kwamba mtoto alikuwa na haki ya kuandika alichokiona.

Nimeahidi kurudi kwenye kuungua. Wewe unafunua sufuria mara nyingi kwa siku, na najua unavyofunua: kwa kitambaa, ukiuinua mfuniko kwa kuuvuta kwako. Gramu moja ya maji ya nyuzi 97 ikikudondokea mkononi na kupoa hadi nyuzi 37 za mwili, inakuachia jouli kama 250. Gramu moja ya mvuke wa nyuzi hizohizo 97 kwanza inageuka maji juu ya ngozi na kumwaga jouli 2,260 zilizokuwa kibubuni, halafu inapoa kama ile nyingine. Jumla zaidi ya 2,500. Nyuzi ni zilezile, majeraha mara kumi. Funua ukianzia upande wa mbali, mfuniko uwe ngao kati yako na mvuke. Ukiungua, weka mkono chini ya bomba linalotiririka dakika 20, si dawa ya meno, si asali, si yai.

Na mvuke usiounguza je? Mtungi wa maji ya kunywa unapoa kwa hesabu hiyohiyo. Maji yanapenya polepole kwenye udongo, yanakauka nje, na kila tone linalokauka linachukua joto lake la kung'oka kutoka kwa maji yaliyobaki ndani. Februari, hewa ikiwa kavu na mji unatokota, mtungi unakupa maji ya kuburudisha. Aprili mvua zikishika, hewa imeshiba unyevu, tone halikauki, mtungi unabaki pambo. Jasho nalo ni hivyo hivyo.

Kama unauza na juisi, hili la barafu litakufaa. Kilo moja ya juisi ya ukwaju ina nyuzi 30, una gramu 200 za barafu ya nyuzi sifuri. Juisi inatoa joto, barafu inapokea mara mbili: kwanza kuyeyuka, 0.2 mara 334, yaani kilojouli 66.8, halafu maji yake kupanda hadi nyuzi za mwisho. Ukisawazisha unapata karibu nyuzi 12. Ungetumia gramu 200 za maji ya nyuzi sifuri badala ya barafu, ungeishia nyuzi 25, na mteja angerudisha glasi. Kijana aifanye hesabu hiyo mwenyewe kwa kalamu. Wanafunzi wengi hupotezea alama hapo, wanaruka hatua ya kuyeyuka na kwenda moja kwa moja kwenye kupandisha nyuzi, kana kwamba barafu hugeuka maji bure. Perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu wanaofika sokoni wakiwa wamelala kwenye barafu wanaishi kwa hatua hiyo hiyo anayoiruka: mpaka kipande cha mwisho kiyeyuke, waliozungukwa nayo hawapandi mbali na sifuri.

Siku anga likiwa safi, saa kumi na mbili asubuhi, mtoe nje umwonyeshe Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Barafu ile imepungua kwa karibu asilimia 85 kati ya mwaka 1912 na 2007. Watu hudhani yote imeyeyuka ikateremka kama maji. Kule juu hewa ni baridi na kavu mno, na sehemu kubwa ya barafu inayopotea kileleni huruka hatua ya maji, inatoka yabisi hadi mvuke moja kwa moja chini ya jua kali. Njia hiyo ni ya gharama: kila kilo hudai joto la kuyeyusha na la kuvukiza kwa pamoja, na kwenye baridi kuvukiza hudai zaidi ya zile 2,260 za kuchemka, kwa hiyo jumla ni kilojouli 2,830 hivi. Joto linaloondoa kilo moja kwa njia hiyo lingetosha kuyeyusha kilo nane na zaidi. Mwulize kijana: hewa ya kileleni ikiwa na joto na unyevu zaidi, barafu iache kupaa ianze kuyeyuka, mwendo wa kupotea utakuwaje? Mpe siku mbili, asifungue simu.

Koleo alirudishe. Ila kabla hamjaendelea kugombana, Jumamosi ijayo fanyeni hivi. Sufuria mbili zinazolingana, makande yaliyolowekwa pamoja, maji kipimo kimoja, mifuniko yote miwili, majiko mawili ya aina moja. Pimeni mkaa wa kila jiko kwenye mzani wa jirani anayeuza unga kabla ya kuwasha, na uliobaki baada ya kuepua. Yako iende kwa moto mkali muda wote, yake ipunguzwe mara tu wimbo wa sufuria ukikatika. Mkifikisha nusu saa tangu kuchemka, kila mmoja achote harage moja, alibonyeze kwa vidole, aandike saa. Rudieni kila dakika kumi. Kila maji mnayoongeza yapimwe kwa kikombe na yaandikwe. Nitumieni karatasi ile, na gramu zote mbili.